Nani Alipie Mlizamu? Glasgow na Siasa ya Maji ya Paa

Wanafunzi wangu hupenda historia ya migomo, sheria na vita. Ninapowaambia kwamba historia ya tabaka la wafanyakazi inaweza kusomwa pia katika mlizamu unaovuja, au gata kama wanavyosema mafundi wetu, hucheka. Nawaomba wanivumilie hadi tufike Glasgow.

Mji huo wa Uskochi ulijengwa kwa mawe ya mchanga katika karne ya 19, majengo ya ghorofa tatu au nne ambamo familia nyingi zilitumia ngazi moja na paa moja. Maji ya paa yalipokelewa na milizamu ya chuma cha kusubu, na Glasgow yenyewe ilikuwa bingwa wa kazi hiyo: kiwanda cha Saracen cha Walter Macfarlane kilisambaza vyuma vya kusubu katika dola yote ya Uingereza.

Chuma hicho hudumu zaidi ya miaka mia kikitunzwa. Udhaifu wake uko kwenye maungio. Vipande vifupi huingiliana, hupakwa puti katikati, kisha hukazwa kwa bolti. Puti hukauka na kupasuka, bolti hula kutu, na upande wa nyuma unaotazama ukuta, ambao mpaka rangi haufikii, huoza kwanza. Tiba yake inajulikana: kata bolti iliyoganda, tenganisha maungio, kwangua puti ya zamani na kutu mpaka chuma kitokee, paka rangi ya kuzuia kutu, weka puti mpya na bolti mpya, kisha mwaga maji kuhakikisha mteremko haujapotea. Nyundo itumike kwa hadhari, kwa kuwa chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Bolti na puti ni vitu vya bei ndogo. Kinachogharimu ni jukwaa la kumfikisha fundi juu.

Gharama hiyo ndiyo inayozaa siasa. Mlizamu ukivuja, maji huteremka ukutani, jiwe hulowa, na ncha za boriti zilizozikwa ndani ya ukuta huoza kimyakimya. Anayeloana mwanzo ni mkazi wa juu. Wa chini haoni kitu kwa miaka.

Mwaka 1915, wafanyakazi walipomiminika kwenye viwanda vya meli na silaha, wenye nyumba wa Glasgow walipandisha kodi. Wanawake wa Govan, Mary Barbour akiwa miongoni mwa viongozi wao, waligoma kulipa nyongeza. Tarehe 17 Novemba wapangaji walipofikishwa mahakamani, maelfu walijaa barabarani. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha kodi katika kiwango cha Agosti 1914. Ulikuwa ushindi wa haki, nami sina shaka nao.

Wapo wanaodai kwamba udhibiti huo wa kodi ndio uliobomoa Glasgow: mwenye nyumba akanyimwa faida, akaacha kutengeneza. Hoja hii ina chembe ya ukweli, lakini inasahau kwamba msongamano na uchakavu ulikuwepo kabla ya 1915, wakati kodi ikipangwa na soko. Kasoro ya sheria ilikuwa nyingine. Ilimlinda mpangaji dhidi ya nyongeza, lakini haikuweka fungu la kutengeneza paa. Mlizamu ukabaki bila mwenyewe.

Miongo minne baadaye serikali ilichagua tingatinga. Mitaa mizima, Gorbals ukiwa maarufu zaidi, ilibomolewa na watu kutawanywa. Mkondo ulianza kugeuka mwaka 1972, kikundi cha ASSIST kutoka Chuo Kikuu cha Strathclyde kilipofungua kazi Govan na kukarabati majengo pamoja na wakazi wakiwamo humo humo. Sheria ya 1974 ikavipa vyama vya makazi ruzuku ya ukarabati, na kamati za wakazi, si madalali, zikaamua paa lipi litangulie.

Mwaka 2004 Bunge la Uskochi lilitunga sheria ya majengo haya. Paa na kuta za nje ni jukumu la pamoja, hata kama maji yanamwagikia chumba kimoja tu, na wenye sehemu wanaweza kuamua matengenezo kwa wingi wa kura. Yule wa chini hawezi tena kusema, "Kwangu hakuvuji."

Tanzania ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, Kenya ikatunga mpya mwaka 2020. Zote zinataka wenye sehemu wawe na chombo cha pamoja na wachangie gharama. Maofisa wa ardhi na nyumba wanaosoma hapa, mnapopokea katiba ya chombo kama hicho, tafuteni ukurasa wa michango. Tazameni kama fedha za kumfikisha fundi kwenye paa zimetengwa kabla ya mvua, au zitachangishwa siku dari la jirani wa juu litakapoanguka.