Dada Ambaye Hakupita Chuoni

Tarehe 28 Agosti 2018, mwili wa Aretha Franklin ulilazwa katika Makumbusho ya Charles H. Wright jijini Detroit ili watu wapite kumuaga. Jeneza lilikuwa la rangi ya dhahabu. Mwenyewe alivalishwa nguo nyekundu na viatu vyekundu vya mchuchumio, miguu imepishanishwa kama mtu anayepumzika kati ya wimbo mmoja na mwingine. Jioni waliingia wanawake wa Delta Sigma Theta kufanya ibada yao ya kumsindikiza dada aliyetangulia. Nyekundu ni rangi ya chama chao.

Niliitazama video ya siku ile miaka kadhaa baadaye, usiku, wakati nilipaswa kuwa naandika pendekezo la utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Jeneza halikunishangaza, mfalme huzikwa kifalme. Kilichonishika ni jambo dogo zaidi. Delta ni chama cha wanawake waliosoma chuo kikuu, na Aretha aliacha shule kabla ya kumaliza sekondari. Alipokelewa mwaka 1992 kama mwanachama wa heshima. Je, heshima hiyo nani alimpa nani?

Kwa msomaji ambaye hajakutana na vyama hivi, nieleze kidogo. Wamarekani Weusi wana vyama tisa vya udugu na udada vilivyozaliwa vyuoni, ambavyo kwa pamoja huitwa Divine Nine. Cha kwanza, Alpha Phi Alpha, kilianzishwa na vijana saba katika Chuo Kikuu cha Cornell tarehe 4 Desemba 1906. Cha kwanza cha wanawake, Alpha Kappa Alpha, kilizaliwa Howard, Washington, mwaka 1908. Wanafunzi Weusi wa Cornell walikuwa wachache, na milango ya vyama vya wanafunzi Wazungu ilikuwa imefungwa mbele yao. Wakajenga nyumba yao wenyewe.

Tofauti moja kubwa na vyama vingi vya Wazungu ni kwamba nyumba hii huhami siku ya mahafali. Yapo matawi ya wahitimu, na mtu wa miaka sabini bado hulipa ada, huhudhuria vikao na huitwa dada au kaka na binti aliyeingia juzi. Ndiyo maana njia ya kuingia inachukuliwa kwa uzito mkubwa. Kwa miongo mingi waombaji walifundwa kwa wiki kadhaa, wakikariri historia, wakitembea kwa safu, na mara nyingine wakipigwa. Mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Morehouse alifariki mwaka 1989, na mwaka uliofuata vyama vikakubaliana kuufuta utaratibu huo wa zamani. Hata hivyo kejeli ilibaki. Aliyeingia bila kusota aliitwa mwanachama wa karatasi.

Hapo ndipo fumbo lilipo. Mwanachama wa heshima hakusota, hakukariri kitu, hakusimama kwenye safu na mtu yeyote. Mbona yeye haitwi wa karatasi?

Jibu la kwanza nililipata mwaka 1913. Januari 13 ya mwaka huo, wanawake 22 wa Howard waliotoka Alpha Kappa Alpha walianzisha Delta Sigma Theta. Walitaka chama kinachojishughulisha zaidi na mambo ya nchi. Wiki saba baadaye, Machi 3, walitoka barabarani Washington katika maandamano makubwa ya kudai haki ya wanawake kupiga kura. Waandaaji walitaka wanawake Weusi waandamane nyuma, Wazungu wa Kusini wasije wakaudhika. Ida B. Wells alikataa, akajipenyeza katikati ya msafara na kujiunga na wenzake wa Illinois.

Mabinti wa Howard waliandamana wakiwa na Mary Church Terrell. Fikiria uzito wa jambo hilo. Terrell alikuwa na miaka 49. Alikuwa amehitimu Oberlin mwaka 1884, na mwaka 1896 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha kitaifa cha wanawake Weusi. Mabinti wale walikuwa na chama chenye umri wa wiki saba. Terrell akawa mwanachama wao wa heshima, na ndiye aliyewaandikia kiapo chao. Katika hatua hii, anayenufaika kwanza ni mtoaji. Vijana wanaazima kivuli cha mti mkubwa ili nao waonekane. Lakini mti nao haukukaa bure, maana aliyeandika kiapo hawezi kuitwa mgeni. Na hakuishia kuandika. Akiwa na miaka 89, mwaka 1953, Terrell alishuhudia Mahakama Kuu ya Marekani ikiamua kwamba mikahawa ya Washington haina haki ya kumkatalia mteja Mweusi, kesi iliyoanza pale yeye na wenzake walipoingia mkahawa mmoja wakanyimwa huduma.

Jibu la pili linatoka kwa wafu. Mwaka 1921 Alpha Phi Alpha ilimwingiza Frederick Douglass, aliyekuwa amefariki tangu 1895, miaka 11 kabla chama hicho hakijazaliwa. Alipokelewa moja kwa moja katika tawi la Omega, jina wanalolitumia kwa tawi la ndugu waliokufa. Ukilisikia kwa mara ya kwanza unaweza kucheka. Mimi nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba Douglass alizaliwa mtumwa Maryland, na kwamba bwana wake alipogundua mkewe anamfundisha mtoto yule herufi, alimkataza palepale. Douglass hakuwahi kukaa darasani kama mwanafunzi. Alijifunza kwa kuwapa watoto wa mtaani mkate ili wamfundishe kusoma. Kumwita ndugu katika chama cha wasomi kulikuwa sawa na kusema kwamba chuo kilianza kabla ya chuo, kwa mtoto mwenye kipande cha mkate mfukoni.

Mlango huo uliwahi kufunguka hata kwa upande ambao ungedhani haungefunguka kamwe. Alpha Kappa Alpha iliwapokea Jane Addams, na baadaye Eleanor Roosevelt, wote Wazungu. Habari ya Roosevelt ina kejeli yake ya kihistoria. Mwaka 1939 chama cha Daughters of the American Revolution, ambacho mwanamke huingia kwa kuthibitisha damu ya wapigania uhuru wa Marekani, kilimkatalia mwimbaji Mweusi Marian Anderson kutumia ukumbi wake. Roosevelt, mke wa rais, akajiuzulu. Aprili 9 Anderson aliimba nje, kwenye ngazi za mnara wa Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000. Roosevelt aliondoka katika chama alichostahili kwa nasaba, na katika uhai wake huohuo akaitwa dada na wanawake ambao nasaba yao ilikuwa ndiyo sababu ya kufungiwa milango. Watu waliokataliwa kila mahali walikuwa na kitu cha kutoa, na mke wa rais alikipokea.

Nisije nikapamba kupita kiasi. Orodha za wanachama wa heshima zina majina yanayomfanya mtu asite. Phi Beta Sigma ilimpokea Bill Clinton mwaka 2009. Huyu ndiye rais aliyetia saini sheria ya jinai ya 1994, ambayo Wamarekani Weusi wengi bado wanaitaja kwa uchungu wanapozungumzia ndugu zao walioko magerezani. Mwanasosholojia E. Franklin Frazier, profesa wa Howard, alikuwa amekwisha kulishambulia tabaka la kati la Weusi katika miaka ya 1950 kwa kupenda fahari na kujifananisha na wakubwa. Anayetafuta ushahidi wa kumuunga mkono ataupata hapa bila kutoka jasho.

Lakini shaka yangu kubwa si Clinton. Ni Rosa Parks. Alpha Kappa Alpha ilimpokea kama mwanachama wa heshima, na nani angepinga? Parks aliacha masomo akiwa msichana ili kumuuguza bibi yake, kisha mama yake, akaja kumaliza sekondari mwaka 1933 akiwa tayari ameolewa. Alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1955 alipokataa kuinuka kwenye kiti cha basi la Montgomery, hakuwa na herufi zozote za Kigiriki kifuani. Sasa fikiria wanawake wengine wa Montgomery, wapishi na wafuaji, waliotembea kwa miguu kwenda kazini siku 381 hadi mgomo wa mabasi ulipoisha. Nao waliacha shule ili kuuguza wazazi. Hakuna barua iliyowafikia. Mlango unamsamehe mtu kukosa shahada endapo tu amekwisha kuwa mkubwa kuliko shahada.

Nadhani vyama vyenyewe vinalijua hilo, na ndiyo sababu heshima hutolewa kwa uchache. Huwezi kuwaita wote. Unamwita mmoja, na katika yeye unawakiri wengine ambao hukuweza kuwafungulia. Sijui kama hiyo inatosha. Najua inavyoonekana kwa karibu.

Siku ya mahafali yangu ya shahada ya kwanza, bibi yangu alisafiri usiku kucha kwa basi. Aliishia darasa la nne. Kaka zake waliendelea. Kama ilivyo desturi yetu, picha zilipoanza nilivua joho nikamvika yeye, na kofia nikamwekea juu ya kilemba. Mpiga picha akamwambia, "Bibi, tabasamu." Bibi hakutabasamu. Alisimama wima kama askari wa gwaride, mikono imebanwa mbavuni, akiitazama kamera kana kwamba inamdai kitu. Picha ilipokwisha aliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa nilirudishe?" Nikamwambia ndiyo, bibi, ni la kukodi, linatakiwa kabla ya saa kumi na moja. Alilivua taratibu, akalikunja kwenye mikunjo yake ya dukani, akalipiga-piga vumbi ambalo halikuwepo, akanikabidhi.

Usiku ule wa video nilielewa nilichokuwa nakitazama. Aretha alikuwa amefanya kazi yake muda mrefu kabla ya kupewa jina lolote. Alichangisha fedha kwa sauti yake kwa ajili ya harakati za Martin Luther King. Mwaka 1970 alijitolea hadharani kumlipia dhamana Angela Davis, akijua wazi kwamba angechukiwa. Barua ya mwaka 1992 haikumfanya kuwa mtu. Iliwafunga wale walioiandika. Ukimwita mtu dada, siku ya msiba huna pa kujificha. Lazima uje, uvae, usimame pembeni yake na kusema maneno yanayosemwa kwa ajili ya kila dada, awe profesa au mwimbaji.

Wakaja. Walimkuta amelala, nyekundu hadi kwenye viatu. Siku iliyofuata familia ilimbadilisha nguo, na watu waliendelea kupita. Lakini usiku ule alikuwa amevaa rangi yao, na hakuna aliyemwambia ailete kabla ya saa kumi na moja.