Kifutu wa Newala na Ngazi ya Haeckel

Ukipanda kutoka Masasi kwenda Newala unaacha nyuma vilima vya mawe na kuingia uwanda wa mchanga usioshika maji. Samaki wa sokoni katoka Ruvuma au pwani. Lakini nyoka wapo, tena wa kutosha, na ndio waliomvuta Constantine Ionides, Mwingereza aliyekuwa bwana nyama kule Liwale kabla ya kuhamia Newala. Hadi anafariki mwaka 1968 alikuwa ameshakamata nyoka kwa maelfu, wengi wakiishia kwenye makumbusho na bustani za wanyama za nje. Vitabu juu yake vinamfanya shujaa. Wanakijiji waliompelekea habari kwamba nyoka yuko wapi wanapita pembeni tu, bila majina.

Wawili ndio walioipa Newala sifa. Yule wa kijani wa mitini, ambaye wataalamu humwita mamba (siye wa mtoni), hutaga mayai. Kifutu wa Gaboni, mnene, mwenye ngozi kama mkeka wa rangi, huzaa watoto hai, makumi kwa mpigo. Hivi, nani kati yao "ameendelea" zaidi?

Swali ni la kijinga, ila ndivyo wengi tulivyofundishwa: samaki chini, chura juu yake, kisha mjusi, kuku, na kileleni binadamu anayezaa. Ngazi hiyo ilipata picha yake maarufu mwaka 1874, Mjerumani Ernst Haeckel alipopanga vichoro vya viinitete kwa safu, kuanzia samaki hadi mtu. Safu ya juu wote wanafanana kama mapacha. Mwaka 1997 Michael Richardson na wenzake walipiga picha viinitete halisi, wakaonyesha kuwa Haeckel alikuwa amefuta tofauti nyingi. Mageuzi yenyewe hayakuguswa. Kilichoanguka ni mchoro. Na huo mchoro, kiukweli, bado unazunguka madarasani.

Tena mwanzo halisi uko nyuma zaidi ya safu ile, na hapo hawafanani kabisa. Yai la chura hugawanyika lote. La kuku au nyoka lina kiini cha njano kikubwa mno, kwa hiyo seli hugawanyika kwenye kisahani kidogo tu juu yake. Samaki wengi nao wana kisahani, lakini kamongo hugawanya yai zima, kama chura. Kufanana huja baadaye, katikati ya safari, halafu kila mmoja anashika njia yake.

Kuzaa nako si kilele. Kwa mijusi na nyoka kumezuka zaidi ya mara 100, kila ukoo kivyake. Silikanti, samaki wa kale ambaye tangu 2003 amekuwa akinaswa pwani yetu, naye anazaa: mwaka 1975, huko New York, jike lililovuliwa Komoro mwaka 1962 lilipasuliwa, wakakutwa watoto watano, kila mmoja na mfuko wake mkubwa wa kiini. Kiinitete cha binadamu bado hutengeneza mfuko huohuo, japo ndani hamna kiini cha kula.

Anayenishangaza kuliko wote ni Nothobranchius, kisamaki cha madimbwi ya msimu huku mashariki ya Tanzania. Seli zake za mwanzo hutawanyika juu ya kiini, kila moja peke yake, kisha hukusanyika upya kuunda mwili. Dimbwi likikauka, kiinitete husimama hapohapo ndani ya tope, miezi kadhaa, mpaka mvua irudi. Kule Amerika ya Kusini wapo samaki wengine waliofikia mbinu hiyohiyo, bila kurithi kwa hawa wa kwetu.