Fani, Maudhui na Matunzo: Tovuti Binafsi na Wiki katika Historia ya Maandishi ya Kitui na Makueni

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeishi kwa muda mrefu na jozi ya maneno mawili: fani na maudhui. Wako waliovilinganisha na kikombe na chai, kwamba chai yaweza kumiminwa katika kikombe kingine ikabaki chai ile ile. Wako pia waliovilinganisha na pande mbili za sarafu moja, ambazo haziwezi kutenganishwa bila ya kuiharibu sarafu yenyewe. Mjadala huo ulikuwa bado ukiendelea katika madarasa ya Afrika Mashariki wakati wahandisi wa Ulaya walipoamua, kwa sababu zao wenyewe, kukifuata kikombe. Makala haya yanachunguza uamuzi huo na matokeo yake kwa mwandishi wa Kitui au Makueni anayejenga tovuti yake mwenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba utengano wa fani na maudhui katika tovuti una manufaa, lakini una mpaka ambao herufi za Kikamba zinaudhihirisha. Na kwamba linaloamua uhai wa maandishi hayo, hatimaye, ni matunzo.

Laha ya Mtindo

Kurasa za mtandao alizozibuni Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Geneva, zilifunguliwa kwa umma mwaka 1991. Lugha yake ya HTML ilikusudiwa kueleza muundo wa matini: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Haikupita miaka mingi kabla watumiaji hawajadai rangi, ukubwa wa herufi na mapambo, na maagizo ya mambo hayo yakaanza kupachikwa ndani ya matini yenyewe. Mwenye kurasa arobaini aliyetaka kubadili rangi ya vichwa vyake alilazimika kuzifungua zote arobaini.

Tarehe 10 Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa CERN wakati huo, alipendekeza kwamba maagizo ya sura yatolewe katika matini na kuwekwa katika laha ya peke yake. Bert Bos wa Uholanzi aliungana naye, na tarehe 17 Desemba 1996 toleo la kwanza la laha hizo za mtindo, yaani CSS, likaidhinishwa. Tangu hapo mstari mmoja katika faili moja uliweza kubadili sura ya tovuti nzima. Mwaka 2012 ziliidhinishwa pia kanuni zinazoiwezesha laha kutambua upana wa kioo cha msomaji, hivi kwamba matini yale yale hujipanga kwa namna moja katika kompyuta na kwa namna nyingine katika simu ya mkononi. Kwa msomaji wa Mwingi au Wote anayefungua tovuti kwa simu, faida hiyo si ndogo. Hapa, bila shaka, chai imehama kikombe na kubaki chai.

Mpaka wa Utengano

Hata hivyo, Kikamba kinaurudisha mjadala mahali pake. Lugha hiyo ina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kirumi ina herufi tano za irabu. Tahajia yake hukamilisha idadi hiyo kwa ĩ na ũ. Kwa jicho la mgeni, kiwimbi kilicho juu ya herufi ni pambo, yaani jambo la fani. Kwa Mkamba ni sauti, na sauti hubeba maana.

Jedwali la herufi lililotawala kurasa za awali, ISO 8859-1, lilitengenezewa lugha za Ulaya Magharibi. Lilikuwa na ã, ñ na õ, lakini halikuwa na ĩ wala ũ. Waandishi wa lugha nyingi za Afrika zilizokabiliwa na upungufu wa aina hiyo walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuziacha alama, na kwa Kikamba hiyo ni kuzirudisha irabu saba kuwa tano. Ya pili ilikuwa kutumia chapa ya herufi iliyorekebishwa, ambamo herufi isiyohitajika ilichorwa upya ili ionekane kama inayotakiwa. Njia hii ya pili ni ya kikombe tupu: matini yaliyohifadhiwa yalikuwa na herufi nyingine kabisa, na palipokosekana chapa ile, msomaji aliona maneno yasiyo na maana. Fani ilikuwa imepewa kazi ya maudhui, ikashindwa.

Ufumbuzi ulitoka kwingine. Orodha ya herufi za dunia iitwayo Unicode, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1991, iliipa kila herufi namba yake: 297 kwa ĩ na 361 kwa ũ. Toleo la nne la HTML liliikubali orodha hiyo mwaka 1997. Kuanzia hapo neno mũndũ liliweza kuandikwa kama litamkwavyo na kuhifadhiwa hivyo. Funzo la kihakiki liko wazi: kabla ya kutenganisha fani na maudhui, sharti ijulikane nani anayeamua kipi ni pambo na kipi ni maana.

Swali hilo si geni Ukambani. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Kitui mwaka 1849, alichapisha Tübingen mwaka 1850 msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwamo. Kikamba kiliingia katika chapa kwa sikio la mgeni na kwa tahajia ya mgeni, na kitabu kikishachapishwa, msemaji wa lugha hakuwa na mahali pa kusahihisha.

Mulago na Kilungu

Wilaya hizi mbili za zamani, ambazo tangu 2013 ni kaunti, zimetoa waandishi wawili wanaofaa kutazamwa kama watangulizi wa njia mbili za kuandika mtandaoni. John Mbiti, mzaliwa wa Mulago, Kitui, mwaka 1931, alikusanya hadithi za wasimulizi wa kwao na kuzitoa kwa Kiingereza katika Akamba Stories (1966). Mali ya wengi ilipata usalama wa kitabu, lakini ikapata pia jina moja jaladani na umbo moja lisilobadilika. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, alifuata njia tofauti: katika miaka ya 1970 alianzisha Comb Books mjini Nairobi, akajichapishia vitabu vyake bila kungoja hukumu ya wahariri wa mashirika makubwa. Mwenye tovuti binafsi ni mrithi wa Maillu. Yeye ndiye mwandishi, mhariri, mpiga chapa na mwuzaji. Na kampuni yake ikianguka, vitabu huadimika.

Urithi wa Mbiti umepata jibu lake katika wiki. Programu ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa na Ward Cunningham wa Oregon, Marekani, tarehe 25 Machi 1995. Jina alilitoa katika lugha ya Hawaii, ambamo wiki ni haraka. Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo lina mzaha wake, kwani kwake wiki ni siku saba, na haraka haraka haina baraka. Katika wiki msomaji yeyote aliyeruhusiwa aweza kuhariri ukurasa, na programu za baadaye, kama MediaWiki, huhifadhi kila toleo lililotangulia. Hadithi iliyoandikwa Mulago yaweza kusahihishwa na msimulizi wa Mutomo, na masimulizi yote mawili yakabaki. Kitabu hakikuweza kufanya hivyo. Wala fasihi simulizi yenyewe, ambayo husahau toleo la jana inapotoa la leo.

Matunzo

Hata hivyo, wiki ina gharama yake. Mlango ulio wazi huwaingiza pia wachuuzi wa matangazo na waharibifu, hivyo ukurasa usio na mlinzi huchafuka. Programu huhitaji kusasishwa, na hifadhidata kunakiliwa. Tovuti ya faili za HTML na laha moja ya mtindo ina mahitaji machache zaidi: yaweza kubebwa katika flashi na kusomwa katika kompyuta yoyote ya saiba, hata intaneti ikikatika. Lakini jina lake, liwe ni lile la me.ke lililotengewa watu binafsi nchini Kenya au jingine, hudumu kadiri ada inavyolipwa.

Mwaka 2009 unaonyesha tatizo hili kwa ukali. Mwezi Julai waya wa SEACOM ulianza kazi kupitia Mombasa, na Kenya ikaanza kuachana na utegemezi wa setilaiti. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Yahoo iliifunga GeoCities, mtaa mkubwa wa kurasa binafsi uliokuwapo tangu 1994. Zilizosalia ni zile zilizonakiliwa na wahifadhi wa kujitolea. Mlango ulifunguliwa upande mmoja huku ghala likibomolewa upande mwingine. Mwishoni mwa mwaka huo pia Google iliandaa shindano la wanafunzi wa vyuo la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003. Shindano hutuza kuandika, halituzi kurudi. Makala yaliyoandikwa kwa ajili ya zawadi huhitaji, baada ya zawadi, mtu wa kuyapitia bila malipo.

Hitimisho

Januari 2013 jiwe la msingi la mji wa teknolojia wa Konza liliwekwa huko Malili, Makueni, na kituo cha taifa cha data kikajengwa hapo. Ukaribu wa mitambo, hata hivyo, hauhifadhi neno lolote la Kikamba wala la Kiswahili ambalo hakuna aliyeliandika na kulirudia. Historia ya fasihi imezoea kuhesabu matoleo ya kwanza: nani aliandika, lini, wapi. Kwa maandishi ya mtandaoni hesabu hiyo haitoshi. Mhakiki atapaswa kuuliza nani aliyelipa ada mwaka wa kumi, nani aliyeirudisha ũ iliyofutwa, nani aliyehamisha faili kabla seva haijazimwa. Kazi hizo hazina jina jaladani. Zisipofanywa, fani na maudhui hupotea pamoja, na mjadala wa kikombe na sarafu hukosa cha kujadili.