Siku Mia na Kumi
Dada yangu humeza prednisolone kila asubuhi, kabla ya kazi. Ana lupasi: kinga ya mwili wake humgeuka mwenyewe. Nilipoanza shahada ya uzamili, nilianza kutafuta kidonge kile kilitoka wapi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Paul Ehrlich aliamini kwamba mwili una hofu ya kujidhuru. Mwaka 1948, katika Kliniki ya Mayo, Marekani, Malcolm Hargraves na wenzake walieleza walichokiona kwenye uboho wa wagonjwa wa lupasi: seli nyeupe zilizomeza viini vya seli nyingine. Mwaka huohuo, hapohapo Mayo, Philip Hench alimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni. Tuzo ya Nobel ikafuata 1950.

Prednisolone ni wa ukoo huo. Huokoa maisha, lakini hutuliza kinga yote, mlinzi na mhalifu pamoja. Mafua ya watoto wa jirani humlaza dada wiki nzima.

Machi 2021, mjini Erlangen, Ujerumani, timu ya Georg Schett na Andreas Mackensen ilimtibu binti wa miaka 20 kwa njia iliyokuwa ikitumika kwa saratani za damu. Walichukua seli T zake, wakazipa kipokezi kinachotambua alama ya CD19 juu ya seli B, wakamrudishia. Seli T zikazifyeka seli B, chimbuko la kingamwili zinazomshambulia mwenye mwili.

Matokeo ya wagonjwa watano yalichapishwa 2022. Seli B zilirudi baada ya wastani wa siku 110 hivi, nazo zilikuwa changa, kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Katika muda waliofuatiliwa, ugonjwa haukurudi nazo. Kingamwili za chanjo za zamani zilibaki kwa sehemu kubwa, kwa sababu hutengenezwa na seli kongwe za uboho zisizo na alama ile.

Nilimsimulia dada.

“Yaani chanjo yangu ya surua ingebaki, hii ikaondoka?”

“Kwa wale watano, ndiyo.”

Nikamweleza pia kwamba dawa hutengenezwa kwa mgonjwa mmoja mmoja, na hutanguliwa na tibakemikali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Basi soma, mdogo wangu,” akasema, akanyoosha mkono kuchukua maji.