Kukuza na Kupaza: Istilahi ya Amplifaya kwa Mfano wa Besi za Miaka ya Sitini

Mwambie fundi mitambo wa ukumbini kwamba kipaza sauti kimekufa, naye atakuuliza: kipi? Neno hilo tumelibebesha vitu vitatu. Kuna maikrofoni anayoishika mshereheshaji, kuna spika iliyofungwa juu ya mnara wa msikiti, na kuna mashine iliyo katikati yao, ile ambayo wanamuziki wetu wa dansi huiita amplifaya. Katika maandishi ya ufundi mchanganyiko huu unatugharimu, na napendekeza mashine ya katikati iitwe kikuza sauti, jina ambalo tayari linatumika hapa na pale lakini halijapewa nafasi yake. Sababu zangu zinaonekana vizuri zaidi katika mashine walizotumia wapiga besi wa bendi za roki za miaka ya sitini.

Leo Fender wa Fullerton, California, alitoa gitaa la besi la umeme, Precision Bass, mwaka 1951. Gitaa hilo lilikuwa ubao mtupu usio na tumbo la kuvumisha nyuzi, kwa hiyo bila mashine mpigaji angejisikia mwenyewe tu. Mwaka uliofuata akaleta Bassman, yaani mashine na spika moja ya inchi 15 ndani ya boksi moja. Kufikia 1958 Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 na nguvu ya wati 45 hivi.

Tuifungue kwa nyuma. Zinazoonekana kwanza ni vali, chupa za kioo zilizoondolewa hewa, kila moja ikiwaka rangi ya chungwa kwa ndani. Kipande cha metali kinachopashwa moto katikati ya chupa hutoa elektroni, na elektroni hizo hukimbilia bamba lililo pembeni lenye volti mia kadhaa. Kati ya viwili hivyo umewekwa wavu wa waya mwembamba. Umeme hafifu unaotoka kwenye gitaa hupelekwa kwenye wavu, na kila unapopanda au kushuka, hata kidogo tu, mkondo mkubwa wa elektroni hubanwa au kuachiwa kwa mfuatano uleule. Kwa hiyo umeme wa gitaa wenyewe hauongezwi chochote. Unauamrisha umeme wa ukutani uchukue umbo lake.

Hapo ndipo kitenzi kuza kinapoistahili kazi hii. Kuza imetokana na kua, na mtoto akikua anabaki yuleyule, ila mkubwa zaidi. Paza imetokana na paa, kwenda juu, na kinachopaa ni sauti inayofika masikioni, kama ya mwadhini. Ndani ya vali hakuna sauti bado. Kuna umeme wenye umbo la sauti, na umeme huo ndio unaokuzwa. Kupaza kunaanza pale karatasi ya spika inapotikisika na kusukuma hewa. Wapo watakaosema kwamba basi hata neno sauti halifai katika jina hili, na kwa ukali wa fizikia wana haki. Lakini kikuza umbo la sauti kwa umeme ni jina ambalo hakuna fundi atakayelitamka mara mbili.

Tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo iliyowatesa wapiga besi. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi, mara 41. Ili noti ya chini isukume hewa kwa nguvu ileile, karatasi ya spika lazima iende mbele na nyuma mara nne zaidi. Tena Bassman ya 1958 ilikuwa wazi mgongoni, na hewa iliyosukumwa nyuma ilizunguka ikaifuta ile ya mbele, hasa kwenye noti nzito. Mashine ilikuza ipasavyo, boksi likashindwa kupaza.

Walioipenda ni wapiga gitaa. Walipoizidishia umeme wa kuingia, vali zilifika ukomo wao na vilele vya mawimbi vikakatwa. Hapo kikuza kinavunja ahadi yake, kwa kuwa kinachotoka ni kikubwa ila kimebadilika umbo na kuzaa sauti mpya za juu. Wengine huuita upotoshaji, neno lenye harufu ya mahakamani. Mimi nauita mkwaruzo, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema spika ikizidiwa: inakwaruza. Mkwaruzo huo ndio uliomvutia Jim Marshall wa Hanwell, London, ambaye mafundi wake walitengeneza JTM45 kwa kufuata Bassman karibu waya kwa waya. Mashine iliyobuniwa kwa ajili ya besi ikawa baba wa sauti ya gitaa la roki.

Wapiga besi walipata ahueni kwa Ampeg, kampuni ya Everett Hull, aliyekuwa mpiga besi mwenyewe. Mwaka 1960 ilitoa B-15, kazi ya Jess Oliver, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Spika yake ya inchi 15 ilikaa ndani ya boksi lililofungwa, lenye matundu yaliyopimwa ili hewa ya nyuma itoke ikiisaidia ya mbele. Kikuza kilishikizwa kwenye mfuniko: wakati wa safari unaupindua, vali zinajificha ndani ya boksi, jukwaani unaupindua tena, zinasimama juu zikiwaka. Nguvu yake haikufika hata wati 45 za Bassman, lakini studioni besi ilisikika ikiwa imenyooka na nene.

Kisha watazamaji wakaongezeka na kelele zao, na mbio za wati zikaanza. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakitegemea vikuza vya Vox vya wati 100 ambavyo havikufua dafu. Hesabu yake ni ngumu: ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, na ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu unahitaji nguvu mara kumi hivi. Unakuza mara kumi, unapaza mara mbili. Kwa neno moja la kipaza sauti, sentensi hiyo haiandikiki.

Jibu la Ampeg lilikuwa SVT ya mwaka 1969, ambayo The Rolling Stones waliitumia katika ziara yao ya Marekani mwaka huohuo: wati 300, vali 14, na maboksi mawili yenye spika nane za inchi 10 kila moja. Kikuza kilikuwa kimeshatengana kabisa na spika zake. Wanamuziki wa Kiingereza hukiita kichwa, nasi tunaweza kusema hivyohivyo bila kuchanganya mtu: kichwa cha SVT kilichukuliwa na wabebaji wake, maboksi yakachukuliwa na wengine, na fundi akaviunganisha kwa waya jukwaani.