Solo Isikike: Historia ya Gitaa na Amplifaya Yake



Katika kikao cha kamati ya umoja wetu mwaka huu liliwasilishwa ombi kutoka bendi ya shule. Vijana wanasema amplifaya yao ya wati 50 haitoshi. Gitaa likipiga ridhimu linasikika vizuri, lakini wakati wa solo ukifika linamezwa na ngoma, besi na kinanda. Kwa hiyo wanaomba tuwachangie amplifaya ya wati 100. Malalamiko yao ni ya haki, kwani solo isiyosikika ni sawa na hotuba ya mgeni rasmi aliyezimiwa maiki. Walakini, kabla hatujatia mkono mfukoni, naomba nafasi katika jarida letu nieleze tatizo hili lilikotoka. Si jipya hata kidogo. Lina umri wa miaka 90 hivi, na dawa ya kuongeza wati imekwisha kujaribiwa na wakubwa kuliko sisi.

Hapo mwanzo gitaa halikuhesabiwa kuwa chombo cha solo katika bendi kubwa. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, bendi za jazz zilijaa tarumbeta, trombo na saksafoni, na mpiga gitaa aliketi karibu na ngoma kazi yake kushika mapigo tu. Freddie Green aliingia katika bendi ya Count Basie mwaka 1937 akafanya kazi hiyo kwa gitaa lisilo na umeme hadi alipofariki mwaka 1987. Nusu karne nzima! Mimi niliyepiga ridhimu katika bendi ya shule hii namheshimu mzee huyo kuliko nyota wengi wa solo. Lakini ni kweli kwamba kijana aliyetaka gitaa lake liseme peke yake mbele ya matarumbeta hakuwa na njia.

Njia ilifunguka mwaka 1936, kampuni ya Gibson ilipotoa gitaa la umeme lililoitwa ES-150. Namba hiyo ilitokana na bei: gitaa, waya na amplifaya yake kwa jumla ya dola 150 hivi. Mwaka 1939 kijana mmoja wa Oklahoma City, Charlie Christian, aliingia nalo katika kundi la Benny Goodman, akawa anapiga solo kama mtu anayepuliza saksafoni. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1942 akiwa na miaka 25. Kwa muda huo mfupi alikwisha kuonyesha kwamba gitaa linaweza kusimama mbele ya bendi.

Hapo ndipo tatizo la vijana wetu lilipozaliwa. Gitaa moja sasa lilikuwa na kazi mbili, kusindikiza na kuongoza, na yote mawili yalipitia amplifaya ileile. Ukiiweka sawa kwa ridhimu, solo haitoki. Ukiiweka sawa kwa solo, ridhimu inamfunika mwimbaji.

Jibu la kwanza la mafundi lilikuwa kuongeza nguvu. Jim Marshall, mwalimu wa ngoma aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki magharibi mwa London, alianza mwaka 1962 kuunda amplifaya pamoja na mafundi wake, wakifuata mchoro wa Bassman ya kampuni ya Fender ya California. Katikati ya miaka ya 1960 wapigaji wa kundi la The Who wakataka kubwa zaidi, na amplifaya za wati 100 zikatoka. Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakiwa na amplifaya za Vox za wati 100. Kelele za mashabiki ziliwashinda, wakawa hawasikiani wenyewe jukwaani. Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, amekuwa akieleza hadharani kwa miaka mingi kuhusu masikio yake yanayolia na kutosikia vizuri. Hiyo ni sehemu ya gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti ya dukani.

Kwa nini wati hazikutosha? Waliosoma fizikia katika maabara yetu watakumbuka desibeli. Sikio la binadamu halihesabu kama mizani ya sokoni. Ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, yaani kutoka wati 50 hadi 100, unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, kiasi ambacho msikilizaji anakitambua bila kushtuka. Ili solo isikike kama imekuwa kubwa maradufu, huhitajika desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Kwa hesabu hiyo vijana wangetakiwa kuomba wati 500, na sijui ni bwalo gani lingestahimili. Aidha, wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani hushauri mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Mazoezi ya bendi yetu huchukua saa mbili.

Jibu la pili lilikuwa la ujanja zaidi, nalo lilikuja kwa kisanduku kidogo. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Dallas ya London iliuza kifaa kilichoitwa Rangemaster, ndani yake transista moja ya jerimani, kazi yake kukuza sauti nyembamba za gitaa kabla hazijaingia kwenye amplifaya. Rory Gallagher wa Ireland alikitumia pamoja na Vox AC30. Mwishoni mwa miaka hiyo Mike Matthews wa New York akatoa LPB-1, kisanduku kilichokuza sauti zote bila kuchagua. Mpigaji alibonyeza swichi wakati wa solo, akaibonyeza tena alipomaliza.

Hapa naomba vijana wanisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Amplifaya ina sehemu mbili. Sehemu ya mbele hupokea sauti dhaifu ya gitaa na kuipa umbo. Sehemu ya nyuma huipa nguvu ya kusukuma spika. Sehemu ya mbele ikiwa bado ina nafasi, kisanduku kikiongeza sauti, solo hupanda kweli. Lakini kama mpigaji amekwisha kuifungulia mpaka sauti ina mkwaruzo, vilele vya mawimbi vinakuwa vimeanza kukatwa. Hapo sehemu hiyo ni kama debe lililojaa: ukizidi kumimina, maji hayapandi, yanamwagika pembeni. Kisanduku kinaongeza mkwaruzo, na nyuzi zinalia kwa muda mrefu zaidi, jambo ambalo wengine wanalipenda, lakini ukubwa wa sauti unabaki palepale. Mpigaji anabonyeza, anasikia tofauti miguuni pake, naye aliyeketi safu ya kumi hasikii chochote kipya.

Dawa ni kuongeza sauti baada ya mkwaruzo, si kabla. Katika miaka ya 1970 Randall Smith wa California, mwanzilishi wa Mesa/Boogie, aliunda amplifaya ndogo zenye hatua za ziada za ukuzaji upande wa mbele na volyumu nyingine upande wa nyuma, na Carlos Santana akawa miongoni mwa waliozitangulia kuzipenda. Muda si mrefu zikaja amplifaya zenye njia mbili, moja ya ridhimu na nyingine ya solo, kila moja na kiwango chake, zikibadilishwa kwa mguu. Kadhalika mafundi walitoboa matundu mawili nyuma ya amplifaya, kati ya sehemu ya mbele na ya nguvu. Ukikiweka kisanduku hapo katikati, solo hupanda bila umbo lake kubadilika, ilimradi sehemu ya nguvu haijafika mwisho wake. Desibeli 4 au 5 mahali hapo zina faida kuliko amplifaya mpya.

Lipo jambo jingine ambalo halihitaji hata kisanduku. Vijana wakifanya mazoezi chumbani hupenda kushusha sauti za kati, kwa kuwa gitaa lililo peke yake husikika tamu likiwa na besi nyingi na wembamba mwingi. Kwenye bendi, besi hizo zinazama chini ya gitaa la besi, na wembamba unapotea ndani ya matoazi. Kinachobaki ni shimo mahali ambapo gitaa lilipaswa kukaa. Kifaa cha Kijapani kilichotoka mwaka 1979, Ibanez Tube Screamer, kilipata sifa kwa sababu hiyo hasa: kinapunguza besi na kunyanyua sauti za kati.

Na huku kwetu? Nadhani hapa ndipo penye somo kubwa kuliko London na California. Bendi za dansi za Afrika Mashariki na Kongo zilipanga magitaa kama wachezaji wa mpira uwanjani: solo juu, solo ya pili au ridhimu katikati, besi chini. Wakongo walikuwa hata na gitaa la kati waliloliita mi-solo. Katika sebene waimbaji hunyamaza na ridhimu hurudia mzunguko wake bila kuhama mahali, hivyo solo haipigani na mtu. Msikilizeni Docteur Nico, au Franco na OK Jazz. Msikilizeni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano, hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Sikilizeni Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, katika kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania. Gitaa la solo linapoingia hulazimiki kulitafuta. Si kwamba limepandishwa sana, wenzake wamelipisha.

Nimeikagua amplifaya ya shule. Ni nzima, na nyuma yake yapo yale matundu mawili, hayajawahi kuguswa. Kwa hiyo napendekeza kamati inunue kisanduku kimoja cha kukuza sauti na waya mbili ndefu. Mpiga solo apandishe sauti za kati, na wakati wa ridhimu ateremshe volyumu ya gitaa hadi 7, ili abaki na akiba mkononi. Mpiga kinanda, ambaye ni hodari lakini hapumziki, aondoe mkono wa kushoto solo inapoanza. Fedha itakayobaki inunue nyuzi. Zile zilizo kwenye gitaa la solo, nimeambiwa na mlezi wa bendi, hazijabadilishwa tangu mahafali ya mwaka juzi.