Habari za Wanagenzi wa Meru na Embu

Katika taarifa za miaka iliyopita tumehesabu kwa furaha vijana wetu walioingia shule za sekondari na vyuo vikuu. Wanagenzi hatukuwahesabu. Si kwamba hawapo. Wapo katika kila gereji, kila karakana ya seremala na kila chumba cha cherehani, tangu Maua hadi Siakago. Lakini mzazi akiulizwa mwanawe yuko wapi, hujibu kwa sauti ya chini, "Yuko kwa fundi," kana kwamba ataja msiba. Kamati iliniagiza niandike habari za uanagenzi katika nchi yetu, nami nimeona heri kuanza mbali, maana aibu hiyo haikuwako tangu mwanzo.

Zamani mhunzi aliogopwa na kuheshimiwa. Wahunzi wa Mbeere na Tharaka walikusanya mchanga wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi, wakafua mikuki, visu na mapanga. Laana ya mhunzi haikuchezewa na mtu mwenye akili. Ufundi huo ulikaa ndani ya ukoo: kijana alianza kwa kuvukuta, akapanda polepole hata akashika nyundo mwenyewe. Hakuwa na haja ya kuambiwa kazi hiyo itamfikisha wapi, kwa kuwa kila siku alimtazama aliyefika, naye ni baba yake au mjomba wake.

Kisha wakaja wamisheni: C.M.S. huko Kigari mwaka 1910, Mapadre wa Consolata huko Mujwa mwaka 1911, Wamethodisti huko Kaaga mwaka 1912, na Waskoti huko Chogoria mwaka 1922. Walihitaji makanisa, nyumba, shule na hospitali. Basi ilibidi wafundishe useremala na uashi pamoja na kusoma. Serikali nayo ilifungua chuo cha ufundi cha Wenyeji huko Kabete mwaka 1924, na vijana kutoka wilaya nyingi wakaenda huko kuwekwa chini ya mkataba wa uanagenzi.

Hapo ndipo shaka ilipoingia. Wazee wetu waliona wazi kwamba mtoto wa mkoloni hupewa kitabu, na mtoto wao hupewa randa. Waliona pia kwamba fundi Mwafrika, hata akiwa hodari, alilipwa chini ya fundi Mhindi, hali karani alikaa kivulini na kalamu yake. Wengine huwalaumu wazee hao kwamba walidharau kazi ya mikono. Mimi ni karani, na kwa maoni yangu hawakudharau kazi. Walipima faida yake, wakaona mizani imeinama. Mtu hawezi kumtaka kijana awe na tamaa ya kupanda katika ngazi iliyokatwa vidato vya juu.

Miaka ya Hali ya Hatari iliharibu mengi. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na watu wengine, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Seremala na mwashi walichukuliwa pamoja na mchuuzi na mpishi, na nafasi zao za kazi zikashikwa na wengine. Katika kambi ya Manyani walikuwamo hata watoto.

Kutoka katika uovu huo lilizuka jambo ambalo yafaa tulikumbuke, kwa sababu lilitendeka katika nchi yetu. Mwaka 1955 vijana zaidi ya elfu moja waliondolewa Manyani, wakaletwa Wamumu, katika uwanda wa Mwea, ambao siku hizo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu. (Kirinyaga ilipata kuwa wilaya peke yake mwaka 1963.) Miongoni mwa waliowasimamia alikuwa Geoffrey Griffin, kijana Mzungu aliyezaliwa Kenya. Hapo walifundishwa kusoma na kuandika, na kazi za ufundi kama useremala na uashi. Sisemi kwamba Wamumu palikuwa pema. Wale walikuwa watoto waliofungwa pasipo kuhukumiwa, na serikali ilitaka kuwageuza mioyo wawe watiifu kwake. Lakini wasimamizi walifahamu neno moja ambalo shule nyingi za ufundi zililisahau, kwamba kijana hufanya bidii akijua kuna mtu anayemngojea nje na kazi mkononi. Kwa hiyo waliwatafuta waajiri kabla ya mafunzo kwisha, wakawasihi wawapokee vijana hao ingawa jina la kizuizi liliwatisha watu. Wengi walipokewa.

Mbegu hiyo ilienea. Mwezi wa Novemba 1959 Griffin, pamoja na Geoffrey Gatama na Joseph Gikubu, ambaye mwenyewe aliwekwa kizuizini alipokuwa kijana, walianzisha Starehe mjini Nairobi katika vibanda viwili vya mabati. Mwaka huo huo wa 1959 ilitungwa Sheria ya Mafunzo ya Kazi, iliyoweka mkataba wa uanagenzi chini ya macho ya serikali: mwajiri afundishe kweli, na mwanagenzi adumu hata amalize. Mwaka 1971 ikaongezwa kodi ya mafunzo kwa waajiri, na tangu 2011 shughuli hizo ziko mikononi mwa NITA.

Baada ya uhuru shule za msingi zilitoa watoto wengi kuliko nafasi za sekondari. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa ya Kikristo lilitoa taarifa iliyouliza nini hufuata baada ya shule, na jibu lake likawa vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa Katiba ya mwaka 2010 vyuo hivyo ni juu ya serikali za kaunti. Wazee wa Njuri Ncheke nao walitoa ardhi huko Nchiru kwa ajili ya chuo cha tekinolojia, ambacho mwaka 2013 kilipata hati ya kuwa chuo kikuu. Ni sifa kubwa. Ila nakiri nasikitika kidogo kila chuo cha mafundi kinapopandishwa hadhi kiasi cha kuwaacha mafundi nje ya lango.

Hata hivyo wanagenzi wetu walio wengi hawako chuoni wala chini ya mkataba wa sheria. Wako jua kali. Huko mara nyingi mzazi ndiye humlipa fundi, na kijana hushinda mwaka mzima akiosha vyuma na kutumwa chai. Siwalaumu mafundi wote. Wako wanaofundisha kwa moyo kuliko chuo chochote. Lakini pasipo maandishi hakuna siku ya kumaliza, na pasipo siku ya kumaliza kijana huondoka kati, akaenda kuendesha pikipiki. Akivumilia hata akaijua kazi, bado hana cheti cha mtihani wa serikali, wa daraja la tatu, la pili wala la kwanza. Afisa wa zabuni hawezi kumjua. Binti mshonaji ana shida nyingine juu ya hizo: akihitimu hana cherehani, naye hurudi nyumbani kushona vifungo kwa mkono.

Huko Pwani mwanagenzi anapohitimu, fundi wake hupewa kilemba, zawadi ya heshima, na watu wote hujua kwamba leo mji umepata fundi mpya. Kwetu siku hiyo hupita kimya.

Kamati inaleta mbele ya mkutano mkuu maombi matatu. Kwanza, mzazi na fundi waandikiane karatasi mbele ya mjumbe wa chama, ikitaja miezi ya mafunzo na kazi zitakazofundishwa. Pili, chama kilipe ada ya mtihani wa daraja la tatu kwa mwanagenzi aliyethibitishwa na fundi wake. Tatu, sehemu ya mfuko wa karo itengwe kwa ajili ya masanduku ya zana na vyerehani, vitolewe kwa mkopo mbele ya watu wote. Juu ya hilo la tatu wanakamati walitofautiana, kwa kuwa kila shilingi itakayonunua msumeno itatoka kwa mwanafunzi wa sekondari. Mweka hazina ameandika hesabu yake katika ukurasa unaofuata, na wanachama wanaombwa waisome kabla ya kupiga kura.